Kengele ya mwisho ikilia Ilagala: nani anabeba gharama za vijana jioni?

Kengele ya mwisho ya shule ikilia, mwalimu anahesabu siku imekwisha. Kwa mwanafunzi, nusu nyingine ndiyo kwanza inaanza.

Ilagala ni kata ya Wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma, jirani na pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Huku, saa zilizopo kati ya kengele na giza zinagombewa na wengi. Kuna dagaa wa kuanua mwaloni. Kuna shamba la mihogo na michikichi. Kuna mdogo wa kubeba mgongoni na ndoo za maji. Halafu kuna kijiwe, banda umiza, na yule wa bodaboda anayetoa lifti ya bure ambayo siyo ya bure.

Programu za baada ya masomo, yaani klabu, michezo, kujisomea pamoja au kujifunza ufundi, zinaingia kwenye kugombea saa hizohizo. Kila kiongozi akisimama anazisifia. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni nani analipia.

Kwa ufupi: sehemu kubwa ni kijiji chenyewe, na mara nyingi siyo kwa pesa. Kwa urefu, ni hivi.

Sh31 kwa siku

Tangu Januari 2016 mwanafunzi wa shule ya serikali halipi ada hadi kidato cha nne. Badala yake serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji: Sh10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari.

Siyo zote zinafika shuleni. Kwa msingi, Sh4,000 zinatengwa kwa ajili ya vitabu. Kwa sekondari ni Sh12,500. Kwa hiyo shule ya msingi inabakiwa na Sh6,000 kwa kila mtoto kwa mwaka mzima.

Gawanya kwa siku 194 za masomo. Unapata kama Sh31 kwa siku. Hata pipi hupati.

Na hizo Sh31 zina kazi nyingi kabla jua halijaanza kushuka: chaki, karatasi za mitihani, dawati lililovunjika mguu, mlango uliong'oka. Mpira wa kuchezea jioni unasubiri foleni, na mara nyingi foleni inaisha pesa ikiwa imeisha zamani. Mwalimu anayebaki na klabu hadi saa 11 jioni anabaki kwa moyo wake tu.

Ndiyo maana ukisikia "shule yetu ina klabu", uliza swali la pili: inakutana? Klabu nyingi nchini zipo kwenye ubao wa ofisi ya mkuu wa shule, zina mwenyekiti na katibu, ila hazina mpira, hazina daftari na hazina mtu mzima wa kukaa nazo.

Basi si wazazi wachange?

Wanaweza, lakini hapa pana mtego ambao wengi wanauogopa.

Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, unaoeleza utekelezaji wa elimumsingi bila malipo, haukumwondolea mzazi majukumu yote. Sare, madaftari, na chakula cha mtoto wa kutwa bado ni juu yake. Kilichozuiwa ni michango ya lazima na mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Januari 2018 Rais John Magufuli alikazia zaidi: mwalimu asishike pesa ya mzazi, na anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Kilichofuata kinaeleweka. Walimu wakuu wengi wakaona bora wakae mbali kabisa na neno "mchango". Wazazi nao, baadhi yao, wakaelewa kwamba shule ni ya serikali kuanzia paa hadi penseli.

Lakini hiari haijafutwa. Kijiji kikikubaliana chenyewe kwenye mkutano wake, kikaandika muhtasari, na pesa au vifaa vikapita kwenye mikono inayotambulika, hakuna sheria iliyovunjwa. Kosa ni pale asiyechanga anapoadhibiwa kupitia mtoto wake. Kwa klabu ya jioni hili ni zito kuliko linavyoonekana, maana mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna hata Sh500 ya akiba ndiye anayehitaji zaidi mahali pa kukaa jioni. Ukimfungia mlango yeye, umebaki na klabu ya watoto ambao hata bila klabu wangekuwa salama.

Kumbe jambo lenyewe si geni

Watu wakisikia "programu ya baada ya masomo" wanafikiria mradi, gari lenye bendera na fulana mpya. Pwani ya Tanganyika ina mfano wa zamani kuliko miradi yote: chuo, au madrasa.

Ujiji na vijiji vya ufukweni vimeendesha vyuo vya Kurani kwa vizazi vingi. Mtoto anatoka shule, anakula, anavaa kanzu au mtandio, anakwenda kwa ustadhi. Jengo limejengwa na waumini. Mwalimu anaishi kwa kidogo anachopewa na wazazi, wengine pesa, wengine unga au samaki. Asiyekuwa nacho mtoto wake anasoma hivyohivyo. Makanisani nako kuna kwaya za vijana na mafundisho ya kipaimara yanayoendeshwa na makatekista wa kujitolea.

Hakuna aliyeandika andiko la mradi. Kinachofanya vyuo hivi vidumu ni kwamba kila mzazi anajua mwanawe yuko kwa nani, saa ngapi, na atarudi lini. Ukitaka kujua kama klabu ya shule itadumu, ipime kwa kipimo hicho.

Na kama ratiba ya klabu inagongana na ya chuo, klabu itashindwa. Siyo kwa sababu wazazi wanaichukia elimu, ni kwa sababu wameshakuwa na mpango wa jioni unaofanya kazi. Mwenye akili anakwenda kuongea na ustadhi kwanza.

Kigoma yenyewe imetoa mfano kwa dunia

Mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 na kufariki dunia Oktoba 2025, alianzisha Roots & Shoots, jina linalomaanisha mizizi na chipukizi, mwaka 1991. Haikuanzia Uingereza wala Marekani. Ilianza Dar es Salaam, na wanafunzi 12 wa sekondari waliokusanyika barazani kwake wakiwa na hasira juu ya mambo waliyoyaona yanaharibika. Leo klabu zake ziko kwenye nchi zaidi ya 60, na Kigoma zimekuwa sehemu ya maisha ya shule kwa miaka mingi.

Mfumo wake ni mwepesi: vijana wenyewe wanachagua tatizo moja la watu, la wanyama au la mazingira, kisha wanalifanyia kazi. Kitalu cha miche. Usafi wa chanzo cha maji. Mtu mzima anasimamia, haamrishi.

Mwaka 1994 taasisi yake ilianza mradi wa TACARE kwenye vijiji vya jirani na Gombe. Nia ya awali ilikuwa misitu. Wanakijiji walipoulizwa shida zao, miti haikuwa juu ya orodha. Walitaja afya, elimu ya watoto na chakula. Mradi ukabidi uanzie huko, ikiwamo kusaidia wasichana kuendelea na shule, ndipo suala la miti likapata masikio.

Kuna mfano mwingine wa mkoa huu. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 na kufika Kigoma, uliacha vitu viwili shuleni: umoja wa wazazi na walimu, na klabu za wanafunzi zinazoitwa JUU, yaani Jiamini Uwezo Unao. Shule Bora, programu iliyofuata, nayo imeijumuisha Kigoma kati ya mikoa tisa. Kwa maana nyingine, chombo cha kuwakutanisha mzazi na mwalimu kipo. Haihitajiki kamati mpya, na hili lisemwe wazi kwa sababu vijiji vyetu vinapenda kamati.

Klabu peke yake haitoshi: funzo la Uganda na Tanzania

Je, hizi klabu zinasaidia kweli, au ni njia tu ya kuwashikisha vijana kitu mkononi?

Uganda, shirika la BRAC liliendesha klabu za wasichana zinazokutana nje ya saa za masomo, zikifundisha stadi za maisha na za kazi. Watafiti walilinganisha maeneo yaliyopata klabu na ambayo hayakupata. Miaka minne baadaye, mimba na ndoa za umri mdogo zilikuwa zimepungua sana kwenye maeneo yenye klabu. Idadi ya wasichana waliosema wamelazimishwa kufanya ngono ilishuka kwa karibu theluthi moja.

Mpango wa aina hiyohiyo ukaja Tanzania. Mabadiliko makubwa kama yale hayakuonekana. Watafiti walipochimba, wakataja uhaba wa rasilimali: utekelezaji wa huku haukuwa sawa na wa Uganda.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Jina moja, mtaala unaofanana, nchi jirani, matokeo tofauti. Kwa hiyo kijiji kikisema "tumefungua klabu" hakijasema kitu bado. Mambo yanayoonekana madogo, kama kuwa na chumba chenye mlango na msimamizi anayekuja kila wiki bila kukosa, ndiyo yanayotofautisha. Na mambo hayo madogo ndiyo hasa ambayo jamii inaweza kuyatoa na mfadhili hawezi.

Kalenda ya Ilagala ni mwezi

Programu nyingi zikifa hazifi kwa kukosa pesa. Zinakufa kwa kukosea saa.

Uvuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika ni wa usiku, kwa taa. Mitumbwi inatoka jua likizama, inarudi alfajiri, na asubuhi kazi inahamia mchangani na kwenye vichanja: kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru. Mvua ikitishia mchana, kila mkono unahitajika, ukiwamo wa mtoto wa darasa la sita. Siku za mbalamwezi taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, na kijiji kinapumua.

Kwa hiyo ratiba ya "kila Jumatano saa 9 alasiri" inayopendeza makao makuu ya wilaya inaweza isifae ufukweni. Wiki za mbalamwezi vijana wanapatikana zaidi, lakini ndizo wiki ambazo pesa mfukoni mwa wazazi imekauka. Wiki za giza ni kinyume chake. Kijiji kinachojua hili kinaweza kuweka shughuli ndefu kwenye mbalamwezi, mashindano kwa mfano, na kuacha vikao vifupi kwa siku za kazi nyingi.

Kukatika kwa pesa kunaweza kuwa kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mchango wowote uliopangwa kwa kutegemea dagaa ungekwama kabla ya Juni kuisha. Anayepanga akaunti ya klabu Ilagala apange akijua kuna miezi ambayo chanzo kinaweza kufungwa.

Kwa wavulana, mwezi una maana nyingine. Kijana wa miaka 13 akianza kupanda mtumbwi usiku, asubuhi yupo darasani kwa mwili tu, na baada ya muda hata mwili hauji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza kumtumikisha mtoto kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mwenye mtumbwi anayekataa kumpakia mwanafunzi amechangia elimu kuliko anayenunua jezi, ingawa hakuna atakayempiga picha.

Wasichana: njia ya kurudi

Kwa msichana, hatari mara nyingi haipo kwenye klabu yenyewe. Ipo njiani. Kikao kikiisha saa 12 jioni na nyumba iko ng'ambo ya mto au kilomita kadhaa kwa mguu, mzazi anayemkataza binti yake asiitwe mshamba. Anafanya hesabu sahihi.

Suluhisho haligharimu chochote: kuisha mapema, kurudi kwa makundi kwa kufuata vitongoji, na mtu mzima mmoja anayejulikana kila upande. Sheria tayari ni kali, kwani marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Ila kesi inakuja baada ya jambo kutokea.

Kuna pia wasichana waliorudi shule baada ya kujifungua, tangu serikali ilipofungua mlango huo kwa Waraka Na. 2 wa mwaka 2021. Saa za jioni ndizo za kufidia masomo waliyoyakosa, na ndizo saa ambazo mtoto analia nyumbani. Bibi anayekubali kumshika mjukuu kwa saa mbili anaendesha programu ya baada ya masomo, hata kama hajawahi kusikia neno hilo.

Na wanaojitolea nao wachunguzwe. Kila kijiji kina mtu ambaye watu wanajua asiachwe peke yake na watoto, na kila kijiji kinaona aibu kulisema. Kanuni ya watu wazima wawili, siyo mmoja, inaondoa aibu hiyo. Mtoto mwenyewe, au jirani, anaweza kupiga simu namba 116 bure kutoa taarifa.

Nani wa kusimamia?

Walimu wamechoka. Lakini kuna kundi ambalo halitumiki: waliomaliza kidato cha nne. Mtihani wanafanya Novemba, matokeo yanatoka Januari, na kidato cha tano kinaanza Julai. Hiyo ni kama miezi minane mtaani. Kijana aliyetoka kufaulu hesabu anaweza kumfundisha wa kidato cha pili sehemu bora kuliko kitabu, kwa sababu bado anakumbuka alipokwama. Mpeni chakula cha jioni, mpeni barua ya utambulisho ya kijiji atakayoitumia akiomba kazi, na mpeni heshima mbele ya mkutano.

Mafundi nao wapo. Anayetengeneza mitumbwi, anayeshona, anayefufua injini za boti. Wiki moja kwa mwezi kwa fundi mmoja siyo mzigo mkubwa, na vijana wasiopenda klabu za midahalo watakuja kwa fundi wa injini bila kuitwa mara mbili.

Pesa kidogo zinazohitajika zitoke wapi?

Watu wengi wanataja mkopo wa asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri. Fungu la vijana humo ni asilimia 4, lakini ni la vikundi vya biashara, na kijana anayetambulika anaanzia miaka 18. Mtoto wa miaka 15 hayumo. Kwa klabu ya shule, mlango huo haupo.

VICOBA vya akina mama vinaweza kutenga kidogo kwenye mfuko wao wa jamii. Wenye mialo na wanunuzi wa dagaa wanaweza kuombwa vifaa: mpira, taa ya sola, turubai.

Cha kudumu zaidi ni shamba. Serikali imekuwa ikisukuma zao la chikichi Kigoma tangu 2018, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha miche bora inayoanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Ekari moja ya shule, ikipandwa leo na ikatunzwa na klabu yenyewe, inaanza kutoa mawese mtoto wa darasa la tano akiwa kidato cha kwanza au cha pili. Nani analima, nani anauza, na pesa inakaa wapi viandikwe kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini. Mashamba ya shule mangapi yamegeuka kuwa ya mwenyekiti?

Kwa sheria ya serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Ajenda ya vijana jioni inaweza kuingizwa hapo: chumba kipi, siku zipi, ufunguo unakaa kwa nani. Kwa kawaida ajenda za watoto huwekwa mwishoni, chini ya "mengineyo", watu wakiwa wameshaanza kuondoka. Anayeitaka iongelewe aende kwa mtendaji wa kijiji kabla ya tangazo la mkutano kubandikwa.